Zana za Fundi Mezani: Namna ya Kuchora Picha ya Vitu kwa Kumbukumbu ya Aliyekufunza Kazi

Mtu aliyekufunza kazi akifariki, wazo la kwanza huwa kuchora uso wake kutoka kwenye picha ya simu. Mara nyingi hutoka uso laini, usio na umri, ambao ndugu wanausifu kwa adabu tu. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: vitu vitatu au vinne alivyovitumia marehemu, viwekwe mezani karibu na dirisha, vichorwe vilivyo, pamoja na pale vilipochakaa. Chombo kilichoshikwa na mkono mmoja kwa miaka mingi hubeba alama za mkono huo. Mpini wa tezo, chombo cha kuchongea mbao, huwa mweusi na laini pale tu kiganja kilipokaa. Bapa lake hufupika kwa kunolewa, tena hufupika zaidi upande mmoja ikiwa mwenyewe alizoea kunoa hivyo. Ukizipata alama hizo, umempata mtu.

Kwa Kigoma na Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mwongozo huu unalenga, kuna faida nyingine. Nyumba nyingi za Waislamu hazitundiki picha ya kiumbe chenye roho mahali pa kuswalia. Picha ya tezo na kikombe haileti mjadala huo, na familia huweza kuitundika popote.

Mfano tutakaoufuata ni wa fundi wa boti za mbao, mtu wa Kibirizi. Anayemuenzi mwalimu wa shule ataweka dasta na rejista mahali pa tezo. Wa cherehani ataweka mkasi na futi kamba. Hatua ni zilezile.

Kuchagua vitu

Kusanya vitu kumi, kisha upunguze. Vitatu vinatosha, vitano ndio mwisho. Vikizidi hapo, picha inageuka orodha ya mali. Chagua kwa mambo matatu: kimoja kiwe kirefu, kimoja kiwe cha duara, kimoja kiwe kidogo kiasi cha kufichwa kiganjani. Nyuso zake nazo zitofautiane: mti, chuma, na kitu kinachong'aa kama kikombe cha bati kilichopakwa rangi nyeupe. Kwa fundi wetu tunachukua tezo, timazi (kile kizito cha kupimia wima) na uzi wake, kikombe cha chai chenye ukingo uliobanduka, na daftari la vipimo lililovimba kwa unyevu.

Ongeza kitu kimoja cha mwanafunzi, kiwe kidogo kuliko vya mwalimu. Vincent van Gogh alifanya jambo la namna hiyo huko Nuenen, Uholanzi, mwaka 1885. Baba yake, mchungaji, alifariki Machi. Oktoba mwanawe akachora Biblia kubwa iliyofunguliwa, mshumaa uliozimika pembeni, na mbele yake riwaya ndogo ya manjano iliyochakaa kwa kusomwa. Vitabu viwili, watu wawili ambao hawakukubaliana, meza moja. Ikiwa mwalimu wako alikugombeza kila siku kwa kupenda vifaa vya kisasa, weka bisibisi yako yenye mpini wa plastiki karibu na keekee yake. Si lazima mpatane mezani.

Acha mafuvu, saa za mchanga na mishumaa iliyojaa katika picha za Kidachi za karne ya 17, isipokuwa kama marehemu alikuwa na mshumaa kweli. Acha pia picha yake iliyo kwenye fremu: jicho la mtazamaji litakimbilia uso huo wenye ukubwa wa stempu, na vitu vyote vingine vitakuwa mapambo. Kanga yenye maneno ikunje ili maneno yasisomeke kwa ukamilifu, maana anayetazama atasoma kabla ya kuona. Msahafu ukiwa miongoni mwa vitu, ushikwe kwa udhu, uwekwe juu ya marufaa, na kusiwe na kitu juu yake wala mahali palipo juu kuliko ulipo. Kama hilo linaharibu mpangilio wako, badili mpangilio.

Chakula kichorwe siku ya kwanza au kisichorwe kabisa. Dagaa wabichi hupoteza mng'aro wa fedha ndani ya saa chache, embe lililokatwa hubadilika rangi kabla ya adhuhuri, na paka hana habari na kumbukumbu.

Kuazima bila kuleta ugomvi

Vitu vya marehemu ni mirathi. Nenda kabla havijagawiwa, zungumza na msimamizi wa familia, na andika karatasi mbili zenye orodha, hali ya kila kitu na siku ya kurudisha. Kila upande ubaki na nakala yenye sahihi. Piga picha ya kila kitu mbele yao. Hii si kukosa imani. Tezo ikipotea baada ya msiba, neno lake haliishi.

Ukishavipata, usivisafishe. Watu wengi hukosea hapa kwa nia njema: wanapiga msasa kutu, wanapaka mpini mafuta, wanaosha doa la chai kwenye kikombe. Ondoa vumbi tu kwa brashi kavu na laini. Chuma kilichopakwa mafuta huakisi dirisha zima, na kutu iliyobeba rangi nzuri ya machungwa hugeuka nyeusi.

Dirisha na saa

Vitabu vya uchoraji vya Ulaya husema chora kwenye dirisha la kaskazini, kwa sababu huko jua haliingii upande huo. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na ushauri huo ukiufuata mwezi wa Julai utapata jua mezani. Hesabu ya hapa ni hii: kuanzia Aprili hadi Septemba jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo lenye mwanga uliotulia. Kuanzia Novemba hadi Februari ni kinyume chake, tumia la kaskazini. Machi na Oktoba jua hupita karibu utosini. Dirisha lolote kati ya hayo mawili linafaa, hasa likiwa na upenu mpana. Dirisha la magharibi linalotazama ziwa liache. Kuanzia saa 9 jua huingia moja kwa moja na vivuli hukimbia mbele ya macho yako.

Jambo la pili ni saa. Kigoma iko mbali magharibi kuliko saa ya Afrika Mashariki inavyodai, hivyo jua hufika juu kabisa karibu saa 7 mchana, siyo saa 6. Ukitaka mwanga wa ubavuni, unao muda mrefu asubuhi: saa 3 hadi saa 5. Chagua muda huo na uushike kila siku. Kuchora leo asubuhi na kesho alasiri kunaleta picha yenye vivuli viwili kwa kitu kimoja, na mtazamaji atahisi kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Funga madirisha mengine kwa pazia zito au boksi lililofunguliwa. Mwanga ukitoka pande mbili, vitu vinapoteza unene. Angalia pia rangi ya ukuta: ukuta wa kijani au wa bluu ulio mita moja kutoka mezani hukipaka kikombe cheupe rangi yake. Tundika shuka la kijivu au jeupe. Na kama nje ya dirisha kuna uwanja wa udongo mwekundu, utaona wekundu hafifu ukipanda chini ya matumbo ya vitu. Huo uache na uuchore, ni wa Kigoma.

Meza iwe na kimo ambacho, ukisimama au ukikaa mahali pa kuchorea, unaona mdomo wa kikombe kama duara lililobanwa, si mstari na si duara kamili. Simama umbali wa karibu mara tatu ya upana wa mpangilio; mpangilio wa sentimita 60 unataka mita 1.8. Ukiwa karibu zaidi, kila ukigeuza shingo umbo linabadilika. Weka alama za selotepu sakafuni kwenye miguu ya meza na miguu ya kiti chako, na uzungushie chaki kila kitu mezani, kwa sababu kuna siku mtu atahitaji meza hiyo kukandia unga.

Ubao

Turubai lililotengenezwa tayari ni ghali na mara nyingi linatoka mbali. Hadibodi inatosha, nayo ndiyo waliyoanzia wachoraji wa Tingatinga. Bao moja la futi 4 kwa 8 hutoa vipande 12 vya sentimita 40 kwa 50, ukubwa unaofaa kwa vitu vinne. Mwambie seremala akukatie kwa msumeno wenye meno madogo, uso laini ukiwa juu.

Piga msasa namba 180 kwenye uso laini mpaka mng'aro uondoke, kisha futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Changanya rangi nyeupe ya maji ya ukutani sehemu 3, gundi nyeupe ya mbao sehemu 1 na maji sehemu 1. Usitumie chokaa: ina ukali unaoweza kubadili baadhi ya rangi, na huachia unga. Piga mkono wa kwanza kwa mlalo, acha ukauke kwa saa 3, piga msasa mwepesi namba 220, halafu mkono wa pili kwa wima, na wa tatu kwa mlalo tena. Nyuma na kingo zipige mkono mmoja. Ubao uliopakwa upande mmoja tu hupinda masika yakiingia, kwa sababu upande mtupu hunywa unyevu na mwingine haunywi.

Mwisho funika weupe wote kwa rangi ya kijivu-kahawia ya wastani, nyembamba. Juu ya ubao mweupe kila rangi unayoweka huonekana nyeusi kuliko ilivyo, na wewe utaogopa giza kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Rangi, na habari ya mawese

Ukitaka picha iwe tayari kwa arobaini, tumia akriliki. Hukauka ndani ya nusu saa na vikao vinane vya saa mbili vinatosha. Rangi ya mafuta ni nzuri zaidi kwa kuchanganya ukingo wa kivuli, lakini hukauka polepole, na picha yenye tabaka nene haiko salama kufungwa wala kusafirishwa mapema. Rangi ya posta ya madukani mwa vifaa vya shule iache: hata ikishakauka, tone moja la maji linaiyeyusha. Rangi ya mafuta ya milango, ambayo mafundi wa Tingatinga huitumia kwa ustadi, ni nzuri kwa mabapa ya rangi yenye mipaka mikali, lakini kuigeuza taratibu kutoka mwanga kwenda giza ni kazi ngumu, na mng'aro wake huficha uchakavu tunaoutafuta.

Rangi tano zinatosha: nyeupe ya titani mililita 120, na mililita 40 hadi 75 za njano ya oka, nyekundu ya oksaidi, kahawia ya amba iliyochomwa na bluu ya ultramarini. Usinunue nyeusi. Amba na ultramarini kwa kiasi sawa hutoa weusi wenye uhai, na ukiongeza upande mmoja unaufanya uwe wa moto au wa baridi. Kama hazipatikani mjini, agiza Dar es Salaam au Mwanza, zije kwa basi.

Brashi nne: ya hadiwea ya inchi moja kwa tabaka la chini, bapa ya milimita 12, bapa ya milimita 6, na ya duara namba 2 kwa mistari ya mwisho. Hiyo ya namba 2 ifiche mpaka kikao cha sita.

Anayetumia rangi ya mafuta ailainishe kwa mafuta ya kitani. Mawese hayafai hata kidogo, ingawa ndiyo yaliyo jikoni. Mafuta ya kitani hukauka kwa kuungana na hewa na kuwa ngozi ngumu. Mawese hayana tabia hiyo, na picha itabaki inanata, inakusanya vumbi na sisimizi. Mafuta ya karanga ya kupikia na ya nazi yana tatizo lilelile. Mafuta ya taa nayo si mbadala wa tapentaini, huacha uchafu ndani ya rangi na harufu isiyokwisha. Tabaka za chini ziwe na mafuta kidogo, za juu ziwe na mafuta zaidi. Ukigeuza, juu hukauka kabla ya chini na picha hupasuka. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usiviviringishe na kuvitupa pembeni. Hujipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje vikauke, au vitie kwenye ndoo ya maji.

Kwa akriliki tatizo ni kinyume chake, hukauka kwenye sahani. Tandaza kitambaa cha pamba kilicholoa ndani ya sinia, juu yake karatasi ya kuokea keki, na rangi juu ya karatasi. Funika kwa sinia lingine ukimaliza; kesho rangi itakuwa bado laini.

Kupanga

Weka kirefu kwanza. Tezo ilale mshazari, mpini ukielekea kwako na kutokeza sentimita 4 nje ya ukingo wa meza. Hapo ndipo picha inapata kina. Kikombe kiwe nyuma ya bapa la tezo, kifunikwe nalo kidogo. Vitu vinavyogusana ukingo kwa ukingo bila kupishana huonekana vimegandishwa. Ama vipishane au viachane. Uzi wa timazi uanguke kutoka kwenye daftari hadi mezani kwa mkunjo wake wa kawaida, usiutengeneze. Kitu chako kidogo kiwe upande wa kivuli.

Acha theluthi moja ya meza tupu, upande ambao marehemu angekaa. Wengi wataona haya kuacha pengo na wataongeza chungwa. Wasiongeze.

Kata dirisha la sentimita 8 kwa 10 kwenye kipande cha boksi, lishike mbele ya jicho na usogee mpaka upate mkato unaokupendeza. Kisha chora rasimu ndogo za sentimita 6 kwa 7.5, angalau nne, kila moja kwa dakika tano, ukitumia giza, wastani na mwanga tu. Ikiwa rasimu ndogo kama hiyo haisomeki ukiwa mita mbili, ukubwa hautaiponya. Hatua hii huonekana ya kitoto na ndiyo inayorukwa sana.

Mistari

Chora moja kwa moja kwenye ubao kwa rangi ya amba iliyozimuliwa na maji, si kwa penseli. Penseli inakukaribisha kuandika nywele za mpini wakati hujajua mpini uko wapi. Nyoosha mkono kabisa, funga jicho moja, pima urefu wa kikombe kwenye mpini wa brashi, halafu uliza: tezo ni vikombe vingapi? Kikombe kiwe kipimo chako kwa picha yote.

Kwa kikombe, chora kwanza mstari wa katikati ulio wima. Mdomo na kitako vyote viwili ni duara zilizobanwa, na mhimili wake mrefu uko sambamba na upeo wa macho. Kitako hakibanwi sana kama mdomo, kwa kuwa unakitazama kwa pembe ya juu zaidi. Makosa mawili hujirudia: kuchora kitako kwa mstari ulionyooka kwa sababu "kimekaa mezani", na kuchongoa pembe za duara. Duara halina pembe, hata likibanwa.

Mwisho itazame picha kwenye kioo. Kikombe kilichoinama kitajitangaza mara moja.

Giza kwanza

Kikao cha pili na cha tatu ni vya kahawia tu. Finya macho mpaka vitu viyeyuke na kubaki mabonge ya giza na mwanga. Paka vivuli vyote kwa giza moja bila kutofautisha kivuli cha tezo na cha kikombe, viungane. Kisha wastani. Mwanga uachie ile rangi ya kijivu ya chini. Ukimaliza, ubao uwe tayari unaeleweka kama picha ya rangi moja. Usiendelee kama hauelewi. Rangi nzuri juu ya giza lililokosewa ni sawa na kupiga lipu ukuta uliopinda.

Rangi

Mwanga wa dirisha lisilo na jua hutoka angani na ni wa baridi. Kwa hiyo sehemu zenye mwanga zielekee bluu kidogo, na vivuli vielekee kahawia. Ukikariri hili moja tu, nusu ya maswali ya "nitie rangi gani" yamekwisha.

Mpini: oka sehemu 3, oksaidi 1, ultramarini tone. Hiyo ni rangi ya mti usioshikwa. Pale kiganja kilipokaa, ongeza amba mpaka iwe karibu nyeusi, halafu weka mstari mwembamba wa mng'aro wa kijivu-bluu juu yake. Jasho na miaka huufanya mti ung'ae, na mti mweusi unaong'aa kando ya mti mkavu usiong'aa ndio moyo wa picha hii. Kaa hapo kikao kizima. Tazama mahali hasa weusi unapoanzia: kwa wengine huanza ghafla, kwa wengine huingia taratibu kwa sababu walibadili mshiko kadiri mkono ulivyochoka. Usibuni, pima kwa brashi kama ulivyopima kikombe.

Chuma cha bapa: amba na ultramarini kwa usawa, nyeupe kidogo kidogo. Chuma hakina rangi ya "fedha". Kina giza na mwanga vilivyokaa karibu sana bila daraja katikati. Makali yaliyonolewa ni mstari mmoja mkali, uliopakwa mara moja na kuachwa. Kutu ni oksaidi na oka, ikandikwe kwa brashi kavu inayokwaruza.

Timazi ya shaba huwahadaa wengi. Wanaipaka njano yote. Itazame tena: mwili wake ni kahawia yenye ukijani wa giza (oka, amba, ultramarini kidogo), na njano safi iko kwenye doa dogo tu.

Kikombe cheupe hakina nyeupe, isipokuwa doa la dirisha kwenye ukingo. Upande wa mwanga ni nyeupe yenye tone la ultramarini na tone la amba. Upande wa kivuli ni kijivu chenye giza kuliko unavyothubutu. Linganisha na karatasi nyeupe ukiishika pembeni mwa kikombe. Pale rangi ilipobanduka weka amba nzito na ukingo mkali. Doa la chai ndani lipakwe kwa maji mengi, tabaka mbili.

Daftari ni rahisi. Kurasa zilizovimba zichore kama bonge moja lenye mistari mitatu minne, usihesabu kurasa. Namba za vipimo zilizoandikwa na marehemu ziige mwandiko wake kwa kutazama karatasi halisi, mbili au tatu tu zisomeke.

Akriliki huwa na giza zaidi ikikauka, kwa hiyo jaribu kila mchanganyiko kwenye kipande cha hadibodi kilichobaki, subiri, ndipo upake. Vipande hivyo usivitupe.

Kingo zisiwe sawa. Ukingo wa bapa uwe mkali, ukingo wa kikombe upande wa kivuli upotee kwenye shuka. Picha ambayo kila kitu kimekatwa kwa wembe huonekana kama stika zilizobandikwa. Ikikutokea, chukua brashi yenye unyevu na rangi ya katikati, ulainishe kingo za nyuma moja baada ya nyingine, ukianzia na zilizo mbali zaidi na dirisha.

Ukiona rangi imekuwa tope, sababu kwa kawaida ni maji machafu ya kuoshea au rangi zaidi ya tatu katika mchanganyiko mmoja. Tumia makopo mawili ya maji, moja la kuoshea na moja la kusuuzia. Ukiona picha nzima imepauka, hujafinya macho kwa muda mrefu. Rudi kwenye vivuli, uvipe giza tena vyote kwa pamoja. Na wenye rangi ya mafuta wasichore usiku karibu na taa msimu wa mvua, kumbikumbi hawatoki kwenye rangi mbichi bila kuacha bawa.

Nyuma ya picha, na ukuta

Sahihi iwe ndogo, pembeni chini, kwa rangi iliyo karibu na ya meza. Jina la marehemu na miaka yake viandikwe nyuma kwa wino usiofutika, pamoja na orodha ya vitu, nani alikuwa navyo siku vilipochorwa, na aina ya rangi iliyotumika. Mbele pabaki bila maandishi.

Akriliki iache wiki moja kabla ya kupaka vanishi ya wachoraji. Rangi ya mafuta isubiri miezi 6 hadi 12. Vanishi ya samani isitumike, hugeuka njano na haiondoleki. Kama ya wachoraji haipo, bora kutopaka kitu.

Fremu ya mninga inapendeza lakini ni nzito; sentimita 4 za upana zinatosha, na ukuta wa tofali za udongo unahitaji msumari mrefu au misumari miwili. Gundisha vijiti vya sentimita 1 kwenye pembe nne za nyuma ili hewa ipite. Picha iliyolala bapa ukutani masika huota ukungu, na mchwa wakipanda ndani ya ukuta huila hadibodi kutoka nyuma huku uso ukionekana mzima. Ishushe kila baada ya miezi mitatu uitazame mgongo. Isiwe karibu na jiko la mkaa wala mahali jua linapopiga.

Vumbi lifutwe kwa brashi laini na kavu. Mkwaruzo ukitokea, chukua kile kipande cha hadibodi chenye majaribio, linganisha, changanya rangi ileile, na uguse mkwaruzo peke yake bila kuvuka ukingo wake.